Cheti Ni Ushahidi kwa Mgeni

Wahenga walinena kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hii ilinijia akilini nilipokuwa likizoni kisiwani Pate, katika kijiji cha Mbwajumali, nimeketi barazani kwa dada yangu. Mbele yangu alikuwa mpwa wangu, kijana aliyemaliza kidato cha nne miaka michache iliyopita, ameinamia kipakatalishi cha mwalimu mmoja kilichokataa kuwaka. Alikifungua kwa utaratibu, akazipanga parafujo zake juu ya karatasi kwa namna zilivyotoka, akasugua kutu ya chumvi kwa mswaki laini na spiriti kidogo, akaacha vikauke. Kabla ya adhuhuri mashine iliwaka. Mwalimu alilipa, akashukuru, akaenda zake. Wala hakumwuliza fundi cheti chake kiko wapi.

Mwalimu alipokwisha kuondoka ndipo kijana aliponigeukia. "Mjomba," alisema, "nataka shauri lako. Je, niufanye ule mtihani wa A+?" Mama yake, aliyekuwa akitusikiliza kutoka ukumbini, akadakia kabla sijafumbua kinywa: "Kaka, mwambie kweli. Fedha tulizo nazo ni za safari moja tu. Akikosa, hatuna za kurudia."

Sikumjibu siku ile. Mimi ni mwalimu wa isimu, si fundi wa tarakilishi, na shauri la kubahatisha huwagharimu wengine, halimgharimu mtoa shauri. Nilikwenda nikauliza, nikasoma, nikaulinganisha mtihani huo na maisha ya vijana wetu. Haya ninayoyaandika leo ni jibu langu kwa mpwa wangu, na pia kwa wanafunzi wengi, pamoja na walimu wao, ambao najua wanalala na kuamka na swali lilo hilo.

Kwanza tukijue kitu chenyewe. A+ ni cheti cha ngazi ya kuanzia kwa mafundi wa tarakilishi, kinachotolewa na CompTIA ya Marekani tangu mwaka 1993. Mtahiniwa hufanya mitihani miwili, wala mmoja hautoshi. Wa kwanza unahusu vyombo vyenyewe: simu na vipakatalishi, mitandao, viungo vya ndani vya mashine, na namna ya kutambua hitilafu zake. Wa pili unahusu programu endeshi, usalama, hitilafu za programu na taratibu za kazi. Kila mtihani hauzidi maswali 90, na muda wake ni dakika 90. Alama hutolewa katika kipimo cha kuanzia 100 hadi 900. Anayetaka kufaulu sharti apate 675 katika mtihani wa kwanza na 700 katika wa pili. Hakuna sharti la kuwa na shahada wala diploma. Watungaji wanapendekeza tu kwamba mtahiniwa awe amefanya kazi hiyo kwa mikono yake kwa muda wa miezi kama 12. Anayefaulu hupata cheti cha miaka mitatu, kisha hana budi kukihuisha.

Sasa tuulize: je, cheti hiki kina faida? Hapa ndipo wengi wanapopotoka, kwa kuwa hulijibu swali kabla ya kulikamilisha. Faida kwa nani, na mbele ya nani?

Sisi watu wa pwani si wageni wa jambo hili. Tangu zamani mwanachuoni aliyehitimu kitabu mbele ya sheikhe wake alipewa ijaza, ruhusa ya kukisomesha kitabu kile. Ijaza haikuwa elimu yenyewe. Ilikuwa ushahidi wa elimu, nayo ilimfaa zaidi mwenyewe alipofika mji ambako hakujulikana. Vivyo hivyo katika ufundi. Jirani zetu wa Siyu walisifika katika karne ya 18 na ya 19 kwa kazi za ngozi na mbao na kwa kunakili misahafu. Mwanagenzi alikaa kwa fundi, akatazama, akakosea, akakemewa, akarekebisha. Na siku ya kuhitimu akampa fundi wake kilemba. Kijiji kizima kilijua nani amehitimu na nani angali anajifunza. Cheti cha nini basi, ikiwa macho ya watu ndiyo mashahidi?

Almuradi, cheti ni ushahidi kwa mgeni. Mwalimu yule wa Mbwajumali hakuuliza cheti kwa sababu anamjua kijana, anamjua babake, na akiharibiwa mashine yake anajua mlango wa kubisha. Lakini ofisa wa ajira wa benki iliyoko Mombasa, au wa hoteli, au wa shirika la misaada, hamjui. Mezani pake pana barua mia moja za maombi, na kila mwombaji anadai kuwa ni fundi hodari. Kizuri chajiuza, naam, lakini chajiuza kwa anayekiona. Kwa asiyekiona, sharti pawe na shahidi.

Kwa hiyo swali la kwanza ambalo kijana anapaswa kujiuliza ni hili: ni mgeni yupi ninayetaka kumthibitishia? Akiwa anakusudia kufungua kibanda cha kutengeneza simu na tarakilishi katika kijiji chake au Faza au Kizingitini, basi fedha zile zimfae kwa vifaa: bisibisi nzuri, kipimaumeme, chombo cha kulehemu, na akiba ya vipuri. Wateja wake watamhukumu kwa kazi. Akiwa anataka ajira katika idara ya tarakilishi ya kampuni, au anatarajia kwenda Ghuba ambako jamaa zetu wengi wametafuta riziki, basi cheti kinachojulikana nje ya mipaka kinaweza kumfungulia mlango. Nasema kufungua mlango. Kuingia na kukaa ni kazi ya mikono yake.

Tena asidhani kwamba mlango ni huo mmoja. Hapa nchini iko mitaala ya mafunzo ya ufundi inayosimamiwa na TVET CDACC, ambayo ina vyeti vya fundi wa teknolojia ya habari na mawasiliano kwa viwango mbalimbali. Mwaka 2024 serikali ilizindua sera ya kuutambua ujuzi ambao mtu ameupata nje ya darasa, ili fundi aliyefunzwa na kazi apimwe na kupewa cheti bila kulazimishwa kuanza alifu kwa ujiti. Anayetaka kazi katika shule, kaunti au idara za serikali na aulizie kwanza njia hiyo. Cheti cha Marekani si haramu, wala si kaaba ya mafundi wote.

Tuseme basi kijana ameamua kwamba A+ ndicho anachokihitaji. Atakipataje asiyekuwa na fedha ila za safari moja? Jibu langu ni kwamba mikono itangulie, kisha kichwa, na mfuko uwe wa mwisho. Wengi hupindua mpango huu: hulipa kwanza, kisha husoma kwa pupa, na kitu cha mwisho wanachokigusa ni mashine. Matokeo yake yanajulikana.

Mikono itangulie maana yake ni nini? Katika mtihani wa kwanza wa mfululizo wa sasa, asilimia 28 ya alama zinatokana na kutambua na kutatua hitilafu, na asilimia 25 zinatokana na viungo vya mashine. Yaani zaidi ya nusu ya mtihani ni mambo ambayo mtu huyajua vyema kwa kufungua na kufunga. Na maabara haiko mbali. Nani kati yetu hajaona, katika shule fulani, tarakilishi zilizokufa zimerundikwa katika stoo, zimefunikwa vumbi na vinyesi vya mijusi? Mwalimu mkuu huziogopa kwa sababu zimeandikwa katika daftari la mali ya shule. Nawasihi walimu wakuu wafuate taratibu zinazotakiwa, wapate idhini, kisha wawape wanafunzi maiti hizo wazipasue. Mashine iliyokufa haiwezi kuuawa mara ya pili, lakini inaweza kumfundisha mtoto mahali pa kumbukumbu, pa kichakataji, pa diski na pa kisanduku cha umeme, na sababu ya kila kimoja kuwa pale kilipo.

Kichwa kifuate. CompTIA hutoa bure hati ya malengo ya mtihani, inayoorodhesha kila jambo linaloweza kuulizwa. Hati hiyo ndiyo dira. Mwanafunzi na ashuke nayo mstari kwa mstari, akitia alama analolijua na asilolijua. Masomo ya video ya bure yapo. Mmarekani ajulikanaye kama Professor Messer ameufundisha mtihani mzima kwa njia hiyo, na yeyote mwenye simu na bando anaweza kumsikiliza. Lakini kuna mtego mmoja: mtihani huu hubadilishwa kila baada ya miaka michache. Mfululizo wa sasa, wenye nambari 220-1201 na 220-1202, ulianza Machi 2025, na ule wa kabla yake ukafungwa Septemba mwaka huo huo. Vitabu vya mifululizo iliyopita bado vinauzwa na kupitishwa mkono kwa mkono. Si kwamba havina manufaa, la. Lakini anayetegemea kitabu asichokitazama nambari yake ni kama nahodha anayesafiri kwa kalenda ya maji ya mwaka jana.

Mfuko uwe wa mwisho. Kila mtihani hulipiwa peke yake, na nchini Marekani ada ya mmoja imepita dola 200. Bei hutofautiana kutoka nchi hadi nchi, kwa hiyo mtu aulize bei ya Kenya kabla ya kuuza hata kuku. Anayeshindwa anaruhusiwa kurudia, lakini hulipa upya. Mtihani unaweza kufanywa katika kituo kilichoidhinishwa au nyumbani kwa njia ya intaneti chini ya jicho la msimamizi aliye mbali. Kwa mtu wa visiwani ningemwambia achague kituo. Mtihani wa nyumbani unataka chumba cha mtu mmoja, kamera, na mtandao usioyumba. Umeme ukizimika katikati, huenda na mtihani ukazimika nao. Ni heri mtu apande mashua, angoje maji yajae apite Mkanda, ashike basi Mokowe, alale kwa jamaa siku mbili, kisha aingie mtihanini akiwa ametulia. Na asisahau kitambulisho, ambacho majina yake sharti yalingane na yale aliyojiandikisha. Vijana wetu wanajua jinsi kupata kitambulisho chenyewe kulivyokuwa mtihani wa pekee kwa watu wa kwetu. Basi na wakishughulikie mapema.

Nimefika sasa pahali ambapo taaluma yangu inanipa haki ya kusema kwa sauti zaidi. Mtihani huu haupatikani kwa Kiswahili. Mtoto wa Mbwajumali, ambaye nyumbani huzungumza Kitikuu, shuleni hufunzwa Kiswahili sanifu na Kiingereza, ataulizwa kwa Kiingereza peke yake, tena swali moja kwa dakika moja. Nimeyatazama maswali ya mifano. Ugumu wake aghalabu hauko katika jina la kitu. Majina yenyewe mengi ni vifupisho: RAM, USB, BIOS, navyo havibadiliki hata ukivitamka kwa lafudhi ya Pate. Ugumu uko katika maneno madogo yanayoizunguka hoja. Mtahiniwa hupewa majibu manne, pengine yote yana ukweli fulani, kisha huulizwa lipi lifanywe kwanza, lipi ni bora kuliko mengine, lipi ndilo yamkini zaidi. Asiyelisikia neno lile dogo huchagua jibu la kweli lisilokuwa jibu la swali. Huyo hakushindwa na tarakilishi. Ameshindwa na sarufi.

Basi dawa ni nini? Wako watakaosema kwamba tuwafunze vijana kwa Kiingereza tupu tangu mwanzo. Mimi nasema kinyume chake. Jambo na lieleweke kwanza kwa lugha ya mwenyewe, kisha ajifunze kulijibia kwa lugha ya mtahini. Hebu tazama utaratibu wa kutatua hitilafu unaofundishwa kwa mtihani huo: itambue shida kwa kumwuliza mwenye mashine, kisia sababu inayoelekea, ijaribu dhana yako, panga la kufanya na ulifanye, hakikisha kila kitu kimerudi sawa, andika ulichokiona na ulichokitenda. Ni neno gani hapo ambalo Kiswahili kimeshindwa kulibeba? Fundi wa majahazi anayetafuta mahali panapovuja kabla ya kutia kalafati hufuata njia iyo hiyo, pengine isipokuwa ile hatua ya kuandika. Mwanafunzi akioneshwa kwamba hekima hii aliirithi kwa babu yake, hofu itamtoka, na Kiingereza kitabaki kuwa vazi la kwenda nalo mtihanini.

Wala tusijidanganye kwamba istilahi hatuna. Marehemu Sheikh Ahmed Nabhany wa Lamu, aliyetuachia neno runinga, alituonesha kwamba lahaja zetu ni ghala la maneno. Mwaka 2004 wenzetu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisini zilizokuwa na maelezo yake kwa Kiswahili. Kenya tunasema tarakilishi, Tanzania wanasema kompyuta, na fundi mwerevu huyajua yote mawili. Tunachokikosa si maneno. Ni watu wa kuyatumia darasani. Ningependa kumwona mwalimu wa Kiswahili na mwalimu wa somo la tarakilishi wakiketi pamoja, hata kama ni alasiri moja kwa wiki, waandike na wanafunzi wao faharasa ya kurasa chache: neno la Kiingereza upande huu, maelezo ya Kiswahili upande ule. Na wale wanaotunga mitihani ya ufundi hapa nchini ningewauliza: ikiwa Katiba ya mwaka 2010 imekifanya Kiswahili lugha ya taifa na lugha rasmi pamoja na Kiingereza, kwa nini fundi asiwe na hiari ya kupimwa ujuzi wake kwa lugha anayoifikiria?

Kabla sijafunga, sina budi kuonya. Katika miji yetu kuna vyuo vinavyobandika matangazo ya cheti cha kimataifa kwa majuma sita, malipo kabla ya masomo. Mpwa wangu alikuwa na karatasi ya chuo kimoja cha namna hiyo mfukoni. Niliisoma mara mbili. Haikusema kama ada ile ilijumlisha ada ya mtihani wenyewe, wala haikutaja nambari za mtihani. Cheti ambacho mwanafunzi angekipata, kwa nilivyoelewa, kilikuwa cha chuo chenyewe, chenye nembo ya kupendeza. Anayetaka kujiunga na chuo chochote na aulize mambo matatu: nani anautunga mtihani, nani anautoa, na je, mwajiri anaweza kuuthibitisha ufaulu wangu bila kupitia kwenu? Majibu yakiyumba, aondoke. Na ajiepushe pia na wauzao maswali yaliyoibwa. Licha ya kuwa ni udanganyifu unaoweza kumfutia mtu cheti, fundi aliyekariri majibu hufedheheka siku ya kwanza mashine inapomkabili.

Niliporudi barazani nilimwambia mpwa wangu haya yote, na dada yangu akiwapo. Tuliafikiana kwamba fedha zikae kwanza. Kwa miezi sita atafanya kazi pale pale kijijini, na kila mashine aifunguayo ataiandika daftarini: tarehe, dalili, sababu, tiba. Jioni atasoma lengo moja la mtihani, alieleze kwa Kiswahili kwa mdogo wake aliye kidato cha pili, kisha alisome tena kwa Kiingereza. Akifikia kuyajibu sawasawa maswali ya majaribio, kwa wakati uliowekwa na bila kutazama, mara tatu mfululizo, hapo atalipia mtihani wa kwanza peke yake. Akiona uzito umezidi, fedha atakazokuwa hajazitumia zitamnunulia vifaa, na daftari lile litakuwa mwanzo wa ushahidi wake atakapoomba ujuzi wake utambuliwe hapa nchini.

Dada yangu alinyamaza kitambo, kisha akauliza swali ambalo sikulitarajia: "Na akifaulu, kaka, atarudi?" Sikuwa na jibu. Najua tu kwamba tarakilishi za skuli zetu zitaendelea kuliwa na chumvi, na kila kijana tumpatiaye cheti cha kuondokea tunapaswa pia kumpatia sababu ya kurejea. Hilo haliulizwi katika mtihani wowote. Sisi walimu ndio tunaotahiniwa kwalo.